Sataranji ya nati na bolti: mbona kete nyeusi tu ndizo zimeshika kutu?

#1 MwanaLangoni
Salaam wanajamvi. Swali langu ni la chuma lakini asili yake ni mchezo, mnivumilie.

Kusi iliyopita, boti zimelala na kazi hakuna, nilijitengenezea sataranji kwa nati na bolti. Kete zote 32 zimesimama juu ya nati nzito ya spana 30 (milimita 30 upande hadi upande). Askari ni bolti fupi ya M8 (unene wa milimita 8) yenye nati ya kofia kichwani. Askofu ana kichwa cha parafujo, na ule mkato wa bisibisi ndio mpasuko wa kofia yake. Ngome ni nati ya taji, ile yenye meno inayofunga rafadha ya boti, nilipewa nne kuukuu karakana. Malkia amevaa nati ya shaba, mfalme ni bolti ya pete. Farasi ni nati ya masikio, kwa sababu ina masikio, basi.

Nyeupe nimeziacha na mng'ao wake wa dukani. Nyeusi nilizitia weusi mwenyewe. Zote zinalala sanduku moja, nyumba moja, hapa Langoni, Lamu, hatua kama mia mbili kutoka baharini.

Sasa ni miezi mitano. Nyeusi zimeshika kutu. Si zote sawasawa, lakini hakuna iliyopona. Kuna farasi mmoja ukimgusa anakuachia rangi ya chai kidoleni. Nyeupe zinameta kama bibi harusi. Ukiacha zile nati za taji, vyuma vyote nilinunua siku moja, duka moja. Kwa nini upande mmoja tu?

(Picha mbili nimeweka chini.)

#2 KeteKavu
Kwa sababu nyeusi unacheza wewe, na ukiona unafungwa unatoka jasho.

#3 BintiMalindi
Hatua mia mbili kutoka baharini halafu unauliza? Mimi niko Malindi, bawaba za mlango wa jikoni nimebadilisha mara mbili na mlango wenyewe bado mpya. Pita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi uone mabati yanavyoliwa. Chumvi inavuta unyevu, inaukalisha juu ya chuma usiku kucha, asubuhi kazi imekwisha.

#4 MwanaLangoni
Shukrani dada, lakini hewa ni moja. Chumvi haichagui rangi. Ingekuwa hewa, nyeupe nazo zingeliwa.

#5 SpanaKumiNaTatu
Mleta uzi, umeandika "nilizitia weusi mwenyewe" halafu ukapita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Ulizitia weusi kwa kitu gani?

#6 MwanaLangoni
Haya. Nilizilaza kwenye siki siku mbili, kwenye ndoo ya plastiki. Zilitoa povu dogodogo kama soda, ule mng'ao ukatoka, zikabaki kijivu. Nikaziosha kwa maji ya kisima, nikazianika darini. Kisha nikazipasha moto kwenye jiko la makaa mpaka zikageuka buluu, nikazitosa kwenye oili chafu ya mashine. Zilitoka nyeusi tititi, nzuri, zinanuka kama mashine ya zamani.

#7 KeteKavu
Na hili lote ulikuwa umelifupisha kwa maneno matatu! Wewe ndiye yule anayemwambia daktari "naumwa tumbo kidogo" kumbe amemeza kisu.

#8 SpanaKumiNaTatu
Basi kesi imekwisha. Mimi nashughulika na mashine za boti, nieleze kidogo.

Ule mng'ao wa dukani ni zinki. Kazi ya zinki si kupamba, ni kufa kwa niaba ya chuma. Chini ya mashine nyingi za boti kuna kipande cha zinki kimefungwa, hakisukumi kitu, hakiendeshi kitu, kinaliwa tu na bahari ili mashine isiliwe. Kikiisha unaweka kingine. Nati zako nyeupe zina hiyo zinki mwili mzima. Nyeusi umezivua nguo kwa siki, lile povu uliloliona ndiyo zinki ikiondoka, kisha ukaziweka uchi kwenye mji wa chumvi. Oili ni shuka nyepesi, inafutika kwa vidole.

Tena zinki ya nati za kawaida si nyingi. Inapakwa kwa umeme, unene wake mara nyingi ni mikroni 5 hadi 8. Ile ya kuchovya kwa moto, kama ya nguzo na minyororo mikubwa, huvuka 40. Kwa hiyo hata hizo nyeupe usizitolee zaka bado. Zimechelewa tu.

#9 MchomeleaMageti
Naunga mkono #8, na naongeza onyo kwa vijana watakaoiga. Mleta uzi aliponea kwa sababu siki ilitoa zinki KABLA ya moto. Ukiweka nati yenye zinki kwenye makaa mpaka iwake, inatoa moshi mweupe. Usiuvute.

Mwaka mmoja hapa Malindi nilichomelea mabomba ya mabati kibandani, mlango nusu umefungwa kwa sababu ya upepo. Mchana nilikuwa mzima. Usiku nikatetemeka meno yanagongana, homa, mdomoni ladha kama nimelamba sarafu. Mke wangu alidhani malaria, tukapimwa hakuna kitu. Kesho yake jioni imekwisha. Mafundi wanasema unywe maziwa. Nilikunywa lita nzima na nilitetemeka vile vile. Dawa ni kufanyia kazi nje, upepo ukiupeleka moshi mbali nawe.

#10 BintiMalindi
Maziwa yanasaidia jamani, msimvunje moyo mtu. Marehemu baba alikuwa welda miaka thelathini na kikombe chake kilikuwa pale.

#11 MchomeleaMageti
Baba yako alisaidiwa na kufanya kazi chini ya mwembe, dada. Maziwa yalikuwa chai ya saa nne.

#12 NahodhaMstaafu
Sabalkheri. Mambo ya kutu nimewaatia mafundi. Mimi nina neno na hiyo nati ya masikio. Hiyo si farasi. Hiyo ni ndovu.

Mimi sataranji nalifunzwa na babangu, barazani, kete zenyewe za mti, hazina uso wala mato. Farasi alikuwa kigogo chenye mdomo mmoja mbele. Ndovu ndiye alokuwa na vinundu viwili, ndizo pembe zake. Na aliyesimama kando ya mfalme hakuwa malkia, alikuwa waziri. Mfalme gani apelekao mkewe vitani? Haya ya askofu wameyaleta Wareno. Ndoo yeo jioni Mkunguni nikuonyeshe kwa vijiti.

#13 KeteKavu
Nahodha, kama masikio yanatosha kumfanya mtu farasi, basi hiyo nati ni PUNDA. Tuko Lamu. Donkey Sanctuary wako hapa tangu 1987 wanatibu punda, sijaona wa kutibu farasi.

#14 MwalimuWaBara
Habari zenu. Mimi ni mwalimu, nilihamishiwa huku kutoka bara, nafundisha watoto chesi baada ya masomo. Nahodha yuko sahihi zaidi ya anavyojua, isipokuwa kwa Wareno.

Kete zisizo na sura ndiyo mtindo wa zamani wa nchi za Kiislamu. Kuna seti ya namna hiyo kutoka Nishapur, Uajemi, ya karne ya 12, iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mle farasi ana mdomo mmoja uliochomoza, ndovu ana vinundu viwili, mfalme na waziri ni kama viti vya enzi. Yaani ukichukua nati ya masikio ukaiweka katikati ya kete zile, hakuna atakayeigundua.

Ila askofu si wa Wareno peke yao. Waingereza nao wanamwita hivyo hivyo. Wafaransa kipande hicho hicho wanamwita mwendawazimu, Wajerumani mkimbiaji, na Warusi mpaka leo wanamwita ndovu. Tena Warusi malkia wanamwita ferzi, ambalo ni lile lile neno la waziri la Waajemi. Kwa hiyo baba yake Nahodha na Warusi walikuwa wanacheza mchezo mmoja.

#15 NahodhaMstaafu
Ahsante mwalimu. Babangu hakuwa na jambo na Warusi.

#16 MwalimuWaBara
😄 Nimekoma mzee wangu. Kitu kimoja kingine, wazee wanapenda. Waziri wa zamani alikuwa dhaifu, nyumba moja (mraba mmoja wa ubao) kwa pembe tu. Ndovu aliruka nyumba mbili kwa pembe, akimruka aliye katikati. Malkia wa kukimbia ubao mzima alizuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, miaka ile ile Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, 1498.

Na mleta uzi, samahani, kwenye picha ya pili ubao umeuweka vibaya. Kona ya kulia ya kila mchezaji iwe nyumba nyeupe. Wako una nyeusi kulia.

#17 MwanaLangoni
Mwalimu nimecheza hivyo tangu kusi. Kwa hiyo michezo yote niliyofungwa haihesabiki?

#18 KeteKavu
Inahesabika mara mbili.

#19 MchomeleaMageti
Mambo ya farasi ni mepesi, mnayakuza. Chukua elbo ya bomba, nusu inchi. Isimamishe. Ina shingo, ina kichwa kimeinama, na mdomo wazi kama anataka majani. Tena farasi anakwendaje? Mbili mbele, moja kando. Anakwenda kama elbo! Nati ya masikio mpe askofu, Nahodha atapata ndovu wake, kila mtu alale.

#20 MwanaLangoni
Nilijaribu elbo. Nne zinakuwa kubwa kuliko mfalme. Mwanangu akauliza "huyu ni bomba la choo?" nikaziondoa.

#21 WashaMoja
Wanajamvi nimesoma uzi wote nikahamasika, jana nimeenda dukani. Nimenunua bolti za nusu inchi na nati za M12 kwa sababu ukizitazama ni sawa. Haziingii. Nimelazimisha moja kwa spana imekwama, haiendi mbele hairudi. Kosa liko wapi?

#22 SpanaKumiNaTatu
Pole. Nusu inchi ni milimita 12.7, M12 ni 12, na meno hayalingani hata kidogo. Hizo ni kabila mbili, zinasalimiana lakini haziozani. Rudi dukani na nati moja mkononi, jaribu KILA bolti kwa vidole kabla hujalipa. Ikihitaji spana kuanza, si yake.

#23 WashaMoja
Ahsante fundi. Na hizo M8 za askari ni spana 13 siyo?

#24 SpanaKumiNaTatu
Ndiyo, jina langu lenyewe 😄

#25 FundiWaShela
Si kila mara. Hapo nakukosoa kidogo ndugu yangu, na wewe wajua. Bolti ya M8 ya mashine za Kijapani ina kichwa cha 12. M10 yao ni 14. Huku M10 ya dukani ni 17, na zile za mtindo mpya ni 16. Mtu akiokota bolti kuukuu kwenye boti akachanganya na za dukani, askari wake hawatalingana vichwa.

#26 SpanaKumiNaTatu
Kweli, nakubali. Nilikuwa nasema za dukani.

#27 KeteKavu
SpanaKumiNaMbili.

#28 WashaMoja
Swali la mwisho. Mleta uzi kasema kete zimesimama juu ya nati ya 30. Nimeweka bolti juu ya nati, inacheza kama jino la mtoto. Nikaweka washa chini, bado inaanguka. Tena kuzishika hizi washa vidole vinawasha kweli.

#29 MwanaLangoni
Hapa nilihangaika wiki nzima kwa hiyo sikiliza. Ukisimamisha bolti kwa kichwa chake, umesimamisha mtu kwa kisigino kimoja. Washa ikikaa juu ya kichwa haisaidii, ni mwavuli. Inatakiwa kichwa KIZAME.

Chukua nati ya spana 30, ambayo ni M20. Tundu lake ni pana, kichwa cha bolti ya 13 kinaingia ndani na nafasi inabaki. Sasa tafuta washa pana, upana si chini ya milimita 24, maana ile ya kawaida ya M8 ina 16 tu, itatumbukia tunduni kama sarafu kwenye mfereji. Pitisha bolti kwenye washa kutoka chini, kaza kwa nati ya M8 kutoka juu, halafu laza washa juu ya nati kubwa, kichwa kikining'inia ndani bila kugusa meza. Geuza chini juu, jaza tundu kwa gundi ya mirija miwili, acha mpaka kesho. Tengeneza mmoja kwanza. Mimi nilitengeneza wanane pamoja, gundi ikavimba kwa chini kidogo, nikapata askari wanane wanaoyumba kama wametoka ngomani. Ikabidi niwasugue mmoja mmoja kwa msasa juu ya kioo.

Uzito ndio utamu wake. Ukimla mtu farasi anasikia. Sanduku zima limevuka kilo mbili.

#30 MwalimuWaBara
Hii ni nzuri sana. Ubao wako una nyumba za ukubwa gani? Kanuni ya mashindano inataka nyumba ya sentimita 5 hadi 6.5, na mfalme wa kama 9.5. Kipimo chepesi, askari wanne waenee kwenye nyumba moja.

#31 MwanaLangoni
Nyumba ni sentimita 4.5. Askari wanne hawaenei hata kwa dua. Wawili wanagombana.

#32 BintiMalindi
Narudi kwenye kutu kwa sababu naona mmehama mji. Habari ya zinki nimeielewa, lakini haiingii kwetu. Kaka yangu ana seti ya misumari na skrubu, aliitengeneza tukiwa shule. HAKUTIA SIKI. Upande mmoja umepakwa rangi ya kupuliza nyeusi, mwingine nyeupe. Ulioshika kutu ni mweusi. Mweupe mzima. Sasa?

#33 FundiWaShela
Rangi nyeusi inapata joto zaidi mchana, usiku inapoa, inatoa umande kwa ndani. Upanukaji unaipasua rangi.

#34 SpanaKumiNaTatu
Kwenye kabati hakuna jua. Huenda ile nyeupe alipaka mara mbili kwa sababu nyeupe haifuniki vizuri mara moja. Kila anayepuliza rangi anajua hilo.

#35 BintiMalindi
Nimempigia. Hakumbuki. Anasema nyeusi alipaka "haraka kidogo kwa sababu mama alikuwa anaita."

#36 FundiWaShela
Mimi mkosaji wangu ni shaba. Mleta uzi kasema malkia ana nati ya shaba juu ya bolti ya chuma. Shaba na chuma vikiguswa na unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinachotafunwa, shaba inakaa pale inapendeza. Angalia malkia mweusi, utakuta shingo yake ndiyo mbovu kuliko wote.

#37 MwanaLangoni
Nimeangalia sasa hivi kwa tochi. Ni kweli, malkia mweusi shingo imechubuka, kutu inatoka chini ya shaba kama masizi. Lakini malkia mweupe naye ana shaba. Yeye hana kutu, ana unga mweupe tu kwenye meno ya bolti. Nilidhani ni sabuni.

#38 SpanaKumiNaTatu
Hiyo si sabuni! Hiyo ni zinki inakufa. Nilisema #8.

#39 FundiWaShela
Inakufa kwa sababu ya SHABA. Nimesema #36.

#40 KeteKavu
Mnagombea maiti.

#41 NahodhaMstaafu
Nami niulize. Umesema uliziosha kwa mai ya kisima. Kisima gani? Visima vingine vya mui huu ni mai ya munyu. Umezitia siki, kisha ukazitia munyu. Ni achari, si sataranji.

#42 WashaMoja
Mzee 😂 achari ya nati.

#43 MwanaLangoni
Kisima cha nyumbani, Nahodha. Hatunywi, tunaoshea vyombo. Ni kweli yana ladha. Ila kumbukeni nilizipasha moto baada ya hapo mpaka buluu, maji yalikauka yote.

#44 MchomeleaMageti
Maji yanakauka, chumvi haikauki. Inabaki kwenye meno ya bolti inasubiri unyevu. Nahodha ameshinda uzi huu, mimi nafunga kibanda.

#45 MbaoZaJahazi
Ngojeni kidogo, hamjauliza kuhusu sanduku. Mimi natengeneza viti na fremu kwa mbao za majahazi yaliyovunjwa. Mleta uzi, sanduku ni la nini? Kwenye picha naona tundu la msumari wa zamani limezibwa.

#46 MwanaLangoni
Umejuaje? Ni mbao za dau la babu. Nusu ya sanduku nilitumia ubao wa chini, nusu ubao wa juu, kwa sababu mmoja haukutosha.

#47 MbaoZaJahazi
Na nyeusi zinalala upande upi?

#48 MwanaLangoni
...upande wa ubao wa chini.

#49 MbaoZaJahazi
Ubao huo umelala baharini miaka mingapi? Umelewa chumvi mpaka kiini. Mbao hizo mimi nikizirandia siku ya mvua zinatoa jasho. Msumari mpya ukiupiga leo, mwezi ujao kuna duara jeusi kuizunguka. Hapo hapo mti wenyewe una maji makali yake yanayokula chuma, hata bila chumvi. Umezilaza kete zako kwenye kitanda chenye maji.

#50 SpanaKumiNaTatu
Zingekuwa na zinki zingevumilia.

#51 MbaoZaJahazi
Zingelala upande wa pili zingevumilia.

#52 KeteKavu
Mimi narudi kwenye jasho (#2). Lilitajwa kwanza, hakuna aliyelikanusha, ni dharau tu.

#53 FundiWaShela
Kwa kweli jasho lina chumvi, KeteKavu ana hoja kwa bahati mbaya.

#54 MwanaLangoni
Jasho hapana. Mimi na jirani tunabadilishana rangi kila mchezo. Lakini sawa, nimeamua kufanya jaribio badala ya kubishana. Nimechukua nati tano za M8. Ya kwanza nyeusi, iko sandukuni upande wa chini. Ya pili nyeusi, upande wa juu. Ya tatu nyeupe, nimeikwaruza zinki kwa tupa, upande wa chini. Ya nne nyeupe nzima, dirishani. Ya tano nyeusi, nimeizika kwenye mkebe wa mchele jikoni, pakavu kabisa. Nitarudi baada ya wiki tatu, inshallah.

#55 MwalimuWaBara
Safi sana. Naomba ruhusa niwaonyeshe watoto. Ila ungeweka na nyeusi moja isiyooshwa kwa maji ya kisima.

#56 MwanaLangoni
Siki imekwisha na mama ameuliza ilikwenda wapi.

#57 WashaMoja
Wakati tunasubiri, askari wangu wanane wamesimama! Washa pana nilikosa, nimekata vifuniko vya mkebe wa maziwa ya unga. Farasi nimetumia ndoano za pazia. Msinitukane.

#58 KeteKavu
Ndoano ya pazia inaenda nyumba ngapi?

#59 MwanaLangoni
Wanajamvi, nimerudi, siku 22. Matokeo kama yalivyo.

Nyeusi ya upande wa chini ina kutu, kama tulivyotarajia. Nyeusi ya upande wa juu nayo ina kutu, kidogo zaidi au kidogo pungufu, nimetazama na mwanangu na hatukubaliani. Nyeupe iliyokwaruzwa haina kutu hata pale nilipoikwaruza, imefanya ukungu tu. Ya dirishani ilichukuliwa, nashuku kunguru au mpwa wangu. Ya kwenye mchele, mama alipika pilau ya wageni Ijumaa. Amm yangu ndiye aliyeikuta, kwa jino. Sijaruhusiwa kuingia jikoni tangu siku ile, kwa hiyo hali yake ilikuwaje sijui, ila amm anasema "ilikuwa safi."

#60 SpanaKumiNaTatu
Iliyokwaruzwa haikushika kutu! Zinki ya pembeni inalinda kidonda. Nimesema nini?

#61 MbaoZaJahazi
Wiki tatu ni chache kwa mbao. Na ilichemshwa kwenye pilau, safi yake ya nini?

#62 BintiMalindi
Na seti ya kaka yangu bado hamjaijibu.

#63 NahodhaMstaafu
Amm yako hajambo jino?

#64 MwanaLangoni
Hajambo, shukrani Nahodha. Jino lilikuwa bovu tangu zamani, sasa anasema ni mimi.

Nimesahau jambo moja. Jana nikizipanga kwa mchezo, nimegeuza mfalme mweupe. Ndani ya ile pete, pale kidole hakifiki, kuna doa la rangi ya chai, dogo kama tundu la sindano.

#65 FundiWaShela
Yeye hana shaba, si ndiyo?

#66 MwanaLangoni
Hana.

#67 KeteKavu
Mwalimu alisema ubao ulikuwa umewekwa vibaya. Ukiugeuza, nyeupe zinalala upande upi wa sanduku?